Niliizuia Kadi ya Kaka Yangu, Nikaisingizia Mashine

Mpendwa Senga Rashidah, shangazi yetu wa gazetini, naomba msaada, lakini kwanza nikusalimu kwa jina la Bwana, habari za hapo nyumbani, na kile kikohozi ulichotuambia wiki ile ya mvua kimekuachia au bado? Mimi huku Naguru ni mzima wa mwili, chai nakunywa na posho nakula, ila moyo ndio mgonjwa, na ugonjwa wake hauna kidonge. Najua wanaokuandikia wengi ni akina mama kwa mambo ya waume zao, hata mke wangu Adong aliponiona nimeshika kalamu akasema, "Leo unamwandikia nani, umepata mwingine?" nikamjibu ni ripoti ya kazi, kwa hiyo hata barua hii nimeianza kwa uongo, Mungu anisamehe. Naomba ubadilishe majina yote kabla hujaichapisha.

Mimi nilikuwa polisi, Senga, miaka ishirini na sita, na mingi kati ya hiyo nilikuwa mtunza stoo, maana elimu yangu iliishia darasa la saba lakini mwandiko wangu ni mzuri na kitu cha watu sikigusi. Nilipostaafu nilipata kazi kwenye karakana moja ya miguu ya bandia pale Nakivubo, ghorofa ya pili, chini yetu ni maduka ya viatu, wao wanauza jozi jozi na sisi kwetu juu watu wanapanda ngazi kutafuta mguu mmoja tu wa kuvalia. Fundi wetu mkubwa ni Bénit, Mkongomani, mkurugenzi ni Madamu Sharifah, na wa kompyuta ni Bushira, binti wa Kinubi, mama wa watoto wawili, na kwa kuwa kila mtu ametoka kwake, Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Mwaka jana Bushira alituletea wale mawakala wa akili bandia, watano, si watu, ni programu zinazokaa ndani ya kompyuta, mmoja anasoma maombi ya wagonjwa, mwingine anawaandikia siku ya kuja kupimwa, mwingine anaagiza plasta na mikanda, hivyo hivyo, na Bénit alicheka siku ile mpaka akakaa chini, akasema, "Miguu iko ya bandia, sasa na akili iko ya bandia, tuombe tu mshahara usikuwe wa bandia."

Sasa hao mawakala hawana msimamizi wa kuwaambia wewe fanya hiki na wewe fanya kile. Kila mmoja akimaliza kazi anakwenda mwenyewe kwenye ubao kutafuta nyingine, na ubao huo Bushira anauita kanban, anasema ni neno la Wajapani, uko kwenye kioo kikubwa cha kompyuta ukutani na umegawanywa safu safu, Mpya, Tayari, Inafanywa, Imezuiwa, Imekwisha, na kila mgonjwa ana kadi yake inayotembea kutoka safu moja kwenda nyingine mpaka siku anaposhuka ngazi kwa miguu miwili. Wakala anachukua kadi ya juu kabisa katika safu ya Tayari, basi. Mwanzoni walitutia aibu, maana wawili walichukua kadi moja, ya mama mmoja wa Kyebando anaitwa Atoo, mmoja akamwandikia njoo Jumanne na mwingine njoo Alhamisi, mama wa watu akaja siku zote mbili na furaha, akauliza, "Kumbe mnanipa na wa akiba?" Hapo ndipo Bushira alipoweka sheria kwamba anayechukua kadi aandike jina lake kwanza kabla ya kuigusa, na ndipo Madamu alipotafuta mtu wa kuutunza ubao, wakasema nani kama Afande Jasper, aliyetunza stoo miaka yote hiyo.

Kazi hiyo niliipenda, Senga, sikufichi. Bushira alinifundisha kwa uvumilivu, aliniambia, "Afande, wakala hajui kilicho kichwani mwako wala kilichosemwa kwenye ngazi, anajua kilichoandikwa kwenye kadi peke yake," kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nafika mapema, nasali kidogo, halafu napitia kadi moja moja, mgonjwa nani, anahitaji nini, inangoja nini, nani amalize kabla ya nani, ili wakala akija asikae bure na asichukue isiyo yake. Na kadi ambayo haiwezi kuendelea naisogeza Imezuiwa na kuandika sababu, maana wakala akiikuta huko anaipita.

Kaka yangu mkubwa anaitwa Opoka. Alikuwa jeshini, mguu wa kushoto alikatwa chini ya goti miaka mingi iliyopita, na mguu wa bandia aliokuwa nao umechakaa, kile kikombe kinachopokea kigutu kimepasuka na kinamchuna nyama, ikabidi auache na kutembea kwa magongo mawili. Mwezi wa nne binti yake Babra alichumbiwa, harusi ya kanisani ikapangwa mwezi wa nane, na Opoka akaniita nyumbani akasema, "Jasper, mimi sina haja kubwa tena duniani. Lakini siku hiyo nataka nimwingize mtoto kanisani. Na magongo haya yanashika mikono yangu yote miwili. Sasa yeye atashika mkono gani?" Nikamwambia kaka, usiwe na wasiwasi, leta maombi kama watu wengine, upimwe kama watu wengine, utafikiwa. Akaleta. Bénit akampima tarehe nane ya mwezi wa tano, vipimo vikaingia kwenye faili, kadi yake ikapanda polepole kwa haki, sikuisukuma hata kidole, na mwisho wa mwezi huo ikafika juu kabisa katika safu ya Tayari.

Asubuhi hiyo hiyo benchi lilikuwa limejaa, na mfanyabiashara mmoja anaitwa Wahabi, anauza mabegi pale chini na alikuwa amemleta mama yake, akatazama kile kioo ukutani akaona jina, akaniuliza kwa sauti ya kila mtu asikie, "Opoka huyu si ndugu yako, afande?" Nikasema ndiye. Akawageukia wenzake, "Ah, sebo, kumbe hii miguu inajua nyumba! Inatoka Nakivubo inaenda Naguru yenyewe, bila kuuliza njia." Watu wakacheka. Bibi mmoja akasema, "Mwacheni, kila ng'ombe anakula alipofungwa." Senga, mimi miaka yote ya stoo nyumba yangu ilikuwa inachukua unga wa mwisho kabisa, baada ya kambi nzima, wanangu wamekula makombo ya gunia ili mtu asije akasema Jasper anakula stoo, na leo ninachekwa mbele ya watu kwa kitu ambacho hata sikukifanya, damu ilinipanda, nikasimama, nikachukua kadi ya kaka yangu nikaisogeza Imezuiwa, wote wanaangalia. Mahali pa sababu nikaandika "inangoja vipimo." Na vipimo vilikuwepo.

Nilisema moyoni ni wiki moja tu, maneno yakipoa nairudisha. Lakini Ijumaa ile Madamu Sharifah katika mkutano wa wafanyakazi akanisimamisha, akasema, "Mmeona Afande? Ndugu yake wa tumbo moja, na amengoja nyuma. Huyu ndiye mtu." Wakanipigia makofi. Sasa ungeirudisha vipi baada ya makofi? Nikaiacha wiki, ikawa mbili, na Bushira alikuwa amewawekea mawakala sheria nyingine kwamba kadi ikikaa Imezuiwa siku kumi na nne lazima waulize, basi siku ya kumi na nne mmoja akaniandikia pale pale kwenye kadi, maneno yake nimeyashika kama zaburi: "Kadi hii inangoja vipimo. Vipimo ninaviona kwenye faili tangu tarehe nane Mei. Je, niirudishe Tayari?" Nikajibu, "Acha kwanza." Baada ya wiki mbili akauliza tena, maneno yale yale bila hasira, na siku hiyo zilikuwa zimebaki siku arobaini kufika harusi, na mguu unachukua wiki tano pamoja na mazoezi, bado ungewahi, Senga, ungewahi kabisa, nami nikamjibu, "Acha kwanza." Akauliza mara ya tatu, akauliza mara ya nne. Opoka mwenyewe alikuwa akinipigia simu, "Mdogo wangu, vipi huko?" namwambia foleni ni ndefu, kaka, tuvumilie.

Siku ya harusi Opoka aliingia kanisani kwa mlango wa pembeni kabla watu hawajajaa, akakaa benchi la mbele mwishoni, magongo akayalaza chini ya benchi yasionekane. Na nani alimwingiza Babra? Mimi. Wazee walikaa wakaamua baba mdogo ndiye baba, nikavaa suti, nikampa mkono, ngoma zikalia, na tulipofika katikati mtoto akaninong'oneza chini ya shela, "Baba mdogo, tembea polepole. Baba anatuangalia." Nilitembea polepole. Mpaka leo nikipiga hatua naisikia sauti ile.

Baadaye kwenye chakula Opoka alinishika mkono mbele ya ukoo akanishukuru, akasema umenifichia aibu, halafu akaniuliza kwa upole tu, "Lakini Jasper, mguu wangu ulipotelea wapi?" Nikamjibu, "Mashine iliiruka kadi yako, kaka. Hizi mashine hazina macho." Ndivyo nilivyosema. Shangazi mmoja wa Babra akalisikia, Jumatatu akapanda ngazi mpaka kwa Madamu na gomesi yake, lile vazi refu la akina mama wa huku, amejifunga kiunoni, akasema mmemwaibisha mwanajeshi mzee, na Madamu aliponiita kuniuliza nikarudia kwamba huenda mashine iliiruka. Bushira alikuwepo. Akasema, "Madamu, haiwezi kuiruka kadi bila kuacha alama," kisha akanitazama, akanyamaza.

Sasa Jumatatu ijayo bodi inakaa. Madamu anataka kuwaondoa mawakala wote turudi kwenye daftari, na Bushira aondoke nao, kwa sababu yeye ndiye aliyewaleta na kuwawekea sheria. Bénit ananiambia tukirudi kwenye daftari hawa wanaongoja watangoja mara mbili. Na Bushira hajanibadilikia hata kidogo, kila asubuhi ananisalimu vilevile, "Afande, umeamkaje?" halafu anaongeza, "Hakuna kitu unataka kuniambia?" namjibu hakuna, binti yangu, anatingisha kichwa anaenda kwenye kompyuta yake, ana adabu sana mtoto yule. Kaka yangu naye anasema Kampala imemshinda, Jumapili hii jioni anapanda basi la Kitgum kurudi kijijini, na ameniambia kadi yake niichane, nafasi nimpe mwingine.

Nimefunga siku tatu na kusali. Nimetubu mbele za Mungu na naamini amesikia. Lakini je, ni lazima na watu wasikie? Mimi ni mzee wa kanisa, nikisema hili nitapoteza kaka, jina na kazi kwa siku moja. Nimefikiri nijiuzulu kimya kimya tu, nimwachie Mungu yaliyobaki, je, haitatosha? Na Jumatatu ile ile baada ya harusi wakala aliandika tena kwenye kadi, mara ya tano, "Je, niirudishe Tayari?" na sijamjibu, kila nikifika kwenye kadi hiyo nageuza macho.

Senga, siku zimekwisha. Namba ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha. Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Jumapili.

Ni mimi, Afande Jasper, Naguru.

*

Afande, kikohozi kimeniacha, asante kwa kuuliza. Barua yako ilifika jana, jibu hili nakutumia leo Ijumaa kwenye simu, na gazetini nitaliweka baada ya wiki tatu. Majina nimebadilisha kama ulivyotaka, ila ubao wa namna hiyo Kampala si mwingi, na wenzako wanasoma gazeti. Hizo wiki tatu nimezitoa ili siku watakapoisoma barua yako iwe kwao habari ya zamani, waliyoisikia kwa kinywa chako.

Pole. Sehemu ile ya kanisani nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilivua miwani. Mtu mwovu angetembea haraka afike mbele apigwe picha. Wewe ulitembea polepole kwa sababu mtoto aliomba, na hatua zote hizo ulizihesabu. Basi sitakupiga pale ambapo umeshajipiga. Nitakupiga mahali pengine.

Unajiambia uliisogeza kadi kwa sababu ya haki. Hapana, baba. Haki ilikuwa imeshafanya kazi yake: maombi yaliletwa, vipimo vikachukuliwa, zamu ikafika. Wewe uliisogeza kwa sababu ya Wahabi muuza mabegi na kicheko cha benchi. Mtu mwingine angempendelea ndugu yake ili asifiwe nyumbani, wewe umemnyima ndugu yako ili usifiwe kazini. Mmetofautiana nini? Hata ule unga wa stoo, aliyeula mwisho ni wewe au ni watoto wako? Sifa ilikuwa yako, makombo yalikuwa yao. Huo ni ugonjwa wa zamani, Afande, na safari hii umemtafuna Opoka mguu wa pili.

Tena ukamwambia mashine hazina macho. Ee! Ile isiyo na macho ndiyo iliyoona vipimo tangu tarehe nane Mei. Ndiyo iliyokuuliza mara nne bila kuchoka wala kununa. Mimi mambo ya mawakala siyajui, simu yangu yenyewe inanishinda, lakini kutokana na barua yako wakala huyo alifanya kila alichopaswa: alitafuta kazi yake ya kufuata, akakuta umeweka gogo njiani, akauliza kama aliondoe. Aliyekuwa na macho akayafumba ni wewe.

Sasa Bushira. Umeandika wewe mwenyewe kwamba wakala alikuuliza pale pale kwenye kadi, nawe ukamjibu. Umeandika kwamba alimwambia Madamu mashine haiwezi kuruka bila kuacha alama, kisha akakutazama, akanyamaza. Umeandika kwamba kila asubuhi anakuuliza kama hakuna kitu unataka kumwambia. Na bado unasema ni adabu tu! Afande, umekaa polisi miaka ishirini na sita, hujajua mtu anayekungoja ujisalimishe mwenyewe? Yule binti amesoma "Acha kwanza" zako zote nne. Anaweza kufungua kioo kile mbele ya bodi na wewe ukaisha pale pale. Hajafanya hivyo. Mama wa watoto wawili amekubali kupoteza kazi yake kuliko kumvua nguo mzee mbele ya watu. Wewe unaogopa kupoteza jina, na jina hilo sasa hivi linashikiliwa na yule unayemwacha afukuzwe.

Umeniuliza kama ni lazima watu wasikie. Mungu alijua siku ileile, alisoma kabla ya Bushira. Toba yako kwake ni nzuri, lakini Mungu hakukosa mguu siku ya harusi, na Mungu hafukuzwi kazi Jumatatu. Siku tatu umefunga kula, na kilichotakiwa ni kufungua mdomo. Na kujiuzulu kimya kimya usinitajie tena. Ukiondoka kimya, uongo unabaki pale ofisini umekaa kwenye kiti chako.

Kwa hiyo sikiliza, na ufuate mpango huu usiuchanganye. Leo jioni anza na Adong, maana mke wako anadhani unaandika ripoti, na kesho utahitaji mtu wa kukushika. Kesho Jumamosi asubuhi nenda kwa Opoka, peke yako, usiende na mchungaji wala wazee wa ukoo wa kukukinga. Kaa chini kuliko yeye. Usianze na Wahabi, usianze na benchi kucheka, anza hivi: "Kaka, mashine haikuiruka kadi yako. Niliizuia mimi." Halafu nyamaza. Atakachosema ni haki yake, hata akikufukuza, hata akiinua gongo. Usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo, ni mzigo mwingine hajauomba. Mwombe kitu kimoja, asipande basi la Jumapili, aje apimwe upya. Akikataa, kadi yake isichanwe, ingoje atakapokuwa tayari. Na Babra naye umwambie mwenyewe, asilipate kwa shangazi mwenye gomesi.

Jumatatu fika mapema kama kawaida yako. Bushira akikuuliza kama hakuna kitu unataka kumwambia, mwambie kipo. Kisha ingieni kwa Madamu Sharifah wote wawili kabla bodi haijakaa, umfungulie kadi hiyo asome historia yake mwanzo hadi mwisho, useme mawakala hawana kosa na Bushira hana kosa. Usijiombee kazi. Lakini wakikuachia, usikatae kwa kujitesa, maana kujitesa nako umeshanionyesha kwamba unakupenda mno. Omba tu sheria moja iandikwe: kadi ya ndugu wa mfanyakazi isiguswe na mfanyakazi huyo, si kuipandisha wala kuishusha. Wewe kadi ya Opoka unayo ruhusa ya kuigusa mara moja tu ya mwisho, mbele ya Madamu. Isiwekwe juu ya wote kwa kumwonea huruma, wala isiwekwe chini ya wote kwa kumwogopa Wahabi. Irudi Tayari mahali pake ilipokuwa, maana zamu yake ilifika mwezi wa tano, na foleni yake ameshaikaa.

Harusi haitarudi, hilo sikudanganyi, na kila hatua utaendelea kuisikia sauti ile. Ila mzee yule ana mjukuu wa kuja, na mtoto akianza kutembea hutaka mkono wa kushika.

Wakala alikuuliza mara ya tano, na hajapata jibu. Jumatatu mjibu.

Mimi, Senga Rashidah.